Nilivyopulizwa Kama Mbuzi

Ukitaka kujua nilichokisikia shingoni mwangu Ijumaa ile, nenda bucha lolote asubuhi, kabla nzi hawajaamka, umwombe muuzaji akushikishe pafu bichi la mbuzi. Libonyeze kwa vidole viwili, taratibu. Halilegei kama ini wala haligomi kama moyo. Linaalika. Ndani yake kuna vijumba vidogo vidogo vya hewa, na kila ukiminya vinakimbizana chini ya kidole, tp-tp-tp, kama mtu anayekanyaga majani makavu ya mwembe. Mimi nimeshika mapafu maisha yangu yote. Nimeyapima, nimeyakatia paka wa watu, nimeyatupa kwenye beseni la utumbo bila kuyatazama. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja nitainua mkono kujikuna chini ya kidevu, niikute sauti ile ile iko pale, kwenye ngozi yangu mwenyewe.

Mimi ni muuza nyama, Muheza. Bucha aliniachia baba, na nyuma ya gogo nimesimama miaka 22. Naandika haya kwa sababu kila anayekuja kununua nusu kilo ananiuliza, "Eti ni kweli ulivimba kama puto?" Nimechoka kusimulia huku nakata mifupa. Juzi nusura niondoke na kidole. Kuanzia leo nitakuwa nawaambia, nendeni mkasome.

Alhamisi ile nilikuwa mnadani. Nilinunua ng'ombe wawili: jike moja lililochoka kuzaa, na dume jeusi la pembe fupi, shingo nene kama gunia la mkaa. Sisi tulioshika kamba tangu utotoni tunajua kwamba ng'ombe si wa kuogopwa akiwa mbele yako wala akiwa nyuma yako. Mwogope ukiwa katikati, yeye upande huu na kitu kisichosogea upande ule. Kitu changu kisichosogea kilikuwa mlango wa chuma wa Fuso. Tulikuwa tunalipandisha, vijana wawili wanasukuma, mimi nimeshika kamba, mtu mmoja nisiyemjua akapiga mluzi. Dume likageuka. Halikunipiga pembe, na hilo namshukuru Mungu. Lilinibana tu kwa bega, na uzito wake wote, kama mtu anayefunga mlango uliovimba kwa mvua. Nikasikia ko! upande wa kulia, chini kidogo ya kwapa. Kisha ko! nyingine.

Watu wakacheka. Mnadani ukianguka unachekwa kwanza, unaulizwa hali baadaye. "Leo mchinjaji kachinjwa!" Na mimi nikataka kucheka nao, ndipo nikaona kicheko hakitoki. Kinafika katikati kinakwama, kama vile mtu kanichoma kisu cha kuchunia na kukisahau humo.

Jioni nikapita kwenye zahanati moja iliyo njiani. Aliyenipokea akanibonyeza ubavu, nikaruka, akasema misuli imeshtuka, akanipa vidonge vya maumivu na kuniambia nipumzike. Simlaumu sana. Saa ile hapakuwa na cha kuona, nilikuwa mwembamba kama kawaida yangu. Ila angeongeza neno moja tu, "Ukianza kuvimba, rudi mbio," ningelala na akili nyingine.

Usiku nikakohoa. Vumbi la mnadani lazima ulikohoe, hakuna namna. Nilikumbatia mto nikawa nakohoa kwa kuibia, kidogo kidogo. Kila nikikohoa nahisi kitu kama maji ya uvuguvugu kinatambaa chini ya ngozi, kutoka ubavuni kuja kifuani, kutoka kifuani kupanda begani. Nikasema ni jasho. Mtu akitaka kulala hakosi la kujiambia.

Ijumaa mama watoto akanikataza kwenda bucha. Nikaenda. Saa nne hivi akanipigia simu mteja wangu mmoja wa mgahawa, huwa anachukua mifupa ya supu. Nikaitika. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, hebu mpe baba simu." Nikamwambia ndiye mimi. Akacheka, akadhani ni mtoto anamchezea. Sauti yangu ilikuwa imepanda juu, imekuwa nyembamba, ya puani, kama ya bata.

Mchana nikarudi nyumbani kujiandaa na swala. Kanzu yangu ya Ijumaa ina kifungo kimoja shingoni, na kifungo hicho nimekifunga kila wiki kwa miaka sita. Siku ile hakikufika. Nikavuta, kikabakiza nafasi ya vidole viwili. Mama watoto akasema kanzu imeruka, ameifua kwa maji ya moto. Alikuwa ananitazama usoni wakati anasema hivyo, na macho yake hayakukubaliana na mdomo wake.

Aliyegundua ni dogo wangu wa bucha, kijana wa miaka 19. Alinifuata nyumbani kuleta funguo, nikamwomba anishike mkono niinuke kwenye mkeka. Kidole chake kikagusa juu ya mtulinga. Akasimama. Akabonyeza tena, taratibu, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza mlango. Huyu ana miaka mitatu ananioshea mapafu.

"Bosi," akasema kwa sauti ndogo, "shingo yako inaalika kama pafu."

Kufika alasiri uso ulikuwa umejaa. Kope zilivimba hadi nikawa naona kwa upenyo mwembamba, kama mtu anayechungulia kwenye ukuta wa makuti. Na kwetu ukivimba hauwi peke yako. Jirani mmoja akasema ni mzio, nimekula pweza wa zamani. Mwingine akasema ni nyuki, labda nimeumwa nimelala. Mama mkwe akataka kunichua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Alianza kweli, mkono wake wa kwanza tu nikapiga ukelele, kwa sababu chini ya ule uvimbe usiouma kulikuwa na mbavu zinazouma.

Ndipo akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi pancha pale barabarani. Yeye hakuuliza nilichokula. Alinibonyeza shavu, akabonyeza shingo, akasogeza uvimbe kwa kidole gumba kutoka hapa kwenda pale, akasema kwa uhakika wa mtu aliyeziba tyubu elfu: "Huyu ana upepo. Anavuja kwa ndani." Hadi hapo alikuwa sahihi kuliko watu wote waliokuwa sebuleni. Kisha akaharibu. Akaomba sindano ya kushonea magunia. "Tumtoboe hapa shingoni, utoke."

Nitasema ukweli, nilikuwa karibu kukubali. Macho yakifumba, akili nayo inafumba kidogo. Lakini mama watoto akamgeukia kaka yake:

"Kaka, wewe tairi likivuja, unalitoboa tundu la pili?"

Shemeji akanyamaza. Akaenda kutafuta gari.

Kutoka Muheza hadi Tanga mjini si mbali, kama kilomita 35 hivi, lakini mwenye mbavu zilizovunjika anahesabu matuta, kilomita anamwachia dereva. Macho sasa yalikuwa yamefungwa kabisa. Gizani humo nikaanza kuwaza mbuzi.

Kwa asiyejua: njia ya zamani ya kumchuna mbuzi bila kuharibu ngozi ni kumpuliza. Ukishamchinja na damu ikaisha, unatoboa kitundu kidogo mguu wa nyuma, juu ya kwato, unapitisha kijiti chini ya ngozi kufungua njia, halafu unapuliza. Baba alikuwa anapuliza kwa mdomo, mashavu yamejaa kama mpiga zumari. Bwana afya hataki mdomo karibu na nyama, na ana haki, kwa hiyo sisi wa sasa ukitukuta tunapuliza utaona pampu ya baiskeli. Upepo hauingii kwenye nyama. Unapita kati ya ngozi na nyama, kwenye ule utando mweupe, laini, unaovutika kama uzi wa buibui. Mbuzi anajaa mguu, paja, tumbo, shingo, hadi masikio yanasimama. Unampigapiga kwa kiganja ili upepo usambae, naye analia kama ngoma. Ukimbonyeza hapo, anaalika.

Sasa nikaelewa kwa nini kope zangu ndizo zilizojaa zaidi na viganja havikuguswa. Kope ni ngozi iliyolala tu, haijashikwa na kitu. Kiganja kimeshonewa chini. Mchuna ngozi yeyote angekwambia hivyo bila kusoma udaktari. Nilichokuwa sijakijua ni nani aliyekuwa ananipuliza.

Hospitali ya mkoa tulipokelewa na daktari binti, kwa sauti nilimkisia umri wa binti yangu mkubwa. Sikumwona uso hadi siku ya tatu. Alipitisha vidole kutoka mtulinga hadi kwenye mbavu, akasema neno moja kwa muuguzi: "Hewa." Halafu akaweka kidole kwenye kile kishimo cha koo, katikati kabisa, akakiacha hapo kidogo. Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta bomba la pumzi, kama bado limesimama katikati au limesukumwa upande. Likisukumwa maana yake hewa imejaa kifuani kwa shinikizo, inalikandamiza pafu na moyo pamoja, na hapo husubiri picha wala nani, unatoboa kifua pale pale. Langu lilikuwa mahali pake. Kisha akanigonga kifua kwa ncha ya kidole, kulia na kushoto, kama mtu anayechagua fenesi sokoni. Kushoto kulijibu kwa sauti nzito. Kulia kulilia utupu.

Na maswali yake, mengine niliyaona ya ajabu. Je, nilitapika kwa nguvu kabla ya maumivu kuanza? Hapana. (Koromeo la chakula nalo likipasuka linaweza kuvujisha hewa hadi shingoni, na hilo ni baya kuliko mbavu.) Je, nina kidonda? Akashika mikono yangu, akaigeuzageuza, akahesabu makovu ya visu kidole kwa kidole. Nikamuuliza vidole vinahusiana vipi na shingo. Akasema kuna kualika kwingine, kunakoanza siku chache baada ya kidonda kichafu: nyama inaoza ikiwa hai, vijidudu vinatengeneza gesi humo ndani, kidonda kinanuka, kinauma kupita kiasi, homa inapanda. Huyo huwa hangoji kesho. Kwa mchinjaji hilo si somo la pembeni, na tangu siku ile dogo akijikata hafungi kitambaa cha kufutia mizani. Anaosha kwa maji na sabuni, na kidonda kirefu anakwenda nacho hospitali.

Wakanipiga picha ya eksirei. Shemeji aliiona kabla yangu, akarudi kitandani amepoa. Mbavu tatu za kulia zimevunjika, ya tano, ya sita na ya saba. Ncha ya mojawapo ilikuwa imeingia ndani, ikatoboa pafu.

Daktari akanieleza, na hapa ndipo nilipofurahi kwamba mimi ni muuza nyama, maana sikuhitaji mchoro. Mnajua ule utando mwembamba unaong'aa upande wa ndani wa mbavu za mbuzi, ambao wateja wengine huniomba niubandue? Huo ndio ukuta wa ndani wa kifua. Pafu nalo limevaa utando wake kama huo. Kati ya tando hizo mbili hamna kitu, ni unyevu tu wa kuzifanya ziteleze, na pafu linabaki limetanuka kwa sababu linavutwa na ukuta. Mfupa ukitoboa pafu, hewa inatoroka na kuingia pale kati, na pafu linasinyaa kama tyubu ndani ya tairi. Kama ule utando wa ukutani nao umechanika, kila ukikohoa hewa inasukumwa nje kupitia mpasuko, inaingia chini ya ngozi, na ikishafika huko inakwenda popote panapolegea: kwapa, shingo, mashavu, kope. Kwangu ilishuka pia, hadi sehemu ambazo kwa heshima ya wasomaji sitazitaja, ila tulipokuwa wodini nilivaa kikoi tu.

Kwa hiyo aliyekuwa ananipuliza ni mimi mwenyewe, kikohozi kwa kikohozi, usiku kucha, nimekumbatia mto.

"Na huu uvimbe mtautoaje?" nikauliza.

"Baba, uvimbe hatuugusi," akasema. "Utaondoka wenyewe. Tunalifuata tundu."

Nikashangaa, nikadhani sikusikia vizuri. Uso mzima huu? Akasema ndiyo. Hewa iliyo chini ya ngozi mara nyingi haina sumu wala haiozeshi. Inanyonywa na damu kidogo kidogo, siku kadhaa, wengine wiki mbili na zaidi. Wanachoogopa ni inakotoka. Na wanaogopa pia ikizidi shingoni hadi mtu anashindwa kuvuta pumzi au kumeza, hapo huwa wanaingilia kati, wakati mwingine hata kwa kuchanja ngozi, lakini wao, hospitalini, si fundi pancha na sindano ya magunia. Shemeji alikuwa amesimama pembeni. Nilisikia kandambili zake zikisogea nyuma.

Wakanilaza upande, mkono wa kulia juu ya kichwa, wakapiga sindano ya ganzi chini ya kwapa. Nilikuwa macho wakati wote, nasikiliza. Nilimsikia daktari akimwelekeza mwenzake mdogo apite juu ya ubavu, asipite chini yake. Nikasema kwa sauti yangu ya bata, "Kwa sababu mshipa uko chini." Kukawa kimya. Nikawaeleza kwamba kila ubavu nilioukata miaka 22 una kijifereji ukingo wa chini, na humo ndimo mshipa wa damu umelala. Ukipitisha kisu chini ya ubavu, unachafua gogo. Daktari akacheka. "Baba, kumbe ungejifanyia mwenyewe."

Mkato, kisha kitu butu kikisukuma, kisha kidole chake kikaingia. Kilitoka kitu kama pumzi ya mtu mwingine, pshhh, na mimi kwa mara ya kwanza tangu mnadani nikavuta hewa ikafika chini. Maumivu yalikuwepo, nisiwadanganye. Lakini nafuu ile siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta nusu pumzi siku nzima.

Wakapitisha mpira, wakaushona kwenye ngozi, ncha ya pili wakaitumbukiza kwenye chupa yenye maji sakafuni. Chupa hiyo ikawa televisheni yangu kwa siku sita. Ni kitu rahisi mno. Ncha ya mpira iko chini ya maji kidogo, hewa ya kifuani inatoka kwa mapovu, lakini hewa ya nje haiwezi kurudi kwa sababu maji yamekaa mlangoni. Nikivuta pumzi maji yanapanda ndani ya mpira, nikitoa yanashuka. Nikikohoa yanabubujika kama chungu cha maharage. Nilisoma baadaye kwamba daktari wa Hamburg, Ujerumani, Gotthard Bülau, aliandika juu ya kuvuta uchafu wa kifuani kwa mpira na maji namna hiyo mwaka 1891. Zaidi ya miaka 100, na hadi leo wanaweka chupa, maji na mpira. Napenda vitu ambavyo havikuhitaji kuboreshwa sana. Gogo langu ni kama hivyo.

Sheria ya chupa ni moja: ikae chini kuliko kifua, daima. Ukiinyanyua, maji yanaweza kurudi ndani. Siku ya pili walikuja wageni wanne, na mmoja wao, mtu mwema sana, akaona chupa iko sakafuni karibu na miguu ya watu, akaona ni adabu aiokote na kuiweka kitandani kando yangu. Sista alikuwa mwisho wa wodi. Sikujua mwanamke mfupi vile anaweza kutoa sauti ile. Wageni wote wanne walisimama mstari mmoja kama wanafunzi.

Walinivisha pia barakoa ya oksijeni. Nikamwambia daktari pumzi sasa ninayo, ya nini? Akanieleza kwamba hewa hii tunayovuta, sehemu 78 kati ya 100 ni naitrojeni, na naitrojeni ndiyo inayochelewa kunyonywa na damu. Ukivuta oksijeni kwa wingi, damu inapungukiwa naitrojeni, kwa hiyo inaivuta ile iliyonaswa kifuani na chini ya ngozi ijaze pengo. Yaani unakausha kitambaa ili kinyonye zaidi. Sijui kama nimelieleza kama yeye, lakini ndivyo nilivyolielewa.

Siku ya tatu jicho la kushoto likafunguka, nikauona uso wa daktari wangu. Kweli, ni rika la binti yangu.

Kitanda cha pili alikuwepo kijana wa bodaboda aliyeangukia shavu. Yeye alikuwa na kesi yake. Baada ya ajali alipenga kamasi, kwa nguvu, na pale pale jicho moja likavimba likafumba, linaalika kama mimi. Mfupa wa shavu ulikuwa na ufa, na hewa ya puani ikapitia humo. Alikatazwa kupenga, hata kupiga chafya alielekezwa aachie mdomo wazi. Tulikuwa tunabonyezana, mimi shingo yangu na yeye shavu lake, kuona nani analia zaidi, hadi sista akatuambia sisi ni watu wazima.

Shemeji naye alipata somo lake. Kwenye kibanda chake kuna kompresa, na vijana wake jioni walikuwa wanajipulizia vumbi la nguo kwa ile hozi, wakati mwingine wanachomekana mgongoni kwa utani. Nilimsomea habari ya dereva wa lori wa New Zealand, mwaka 2011, aliyeteleza akaangukia bomba la upepo wa breki. Chuma cha ncha kikamwingia takoni, upepo ukaingia, akajaa mwili mzima kabla wenzake hawajauzima. Alipona. Shemeji aliniomba nirudie sehemu ya tako, kisha akaondoka bila kuaga. Sasa kibandani kwake ukielekeza hozi kwa mwenzio unafukuzwa siku hiyo hiyo.

Na mama mkwe. Huyu ni mkunga wa zamani, amezalisha nusu ya mtaa. Nilipomweleza habari ya hewa na shingo akatulia, akaweka kikombe chini. Akasema, "Mwanangu, hiyo nimeiona." Mwaka hakuukumbuka, lakini mwanamke alimkumbuka: uzazi wa kwanza, alisukuma usiku kucha, alfajiri mtoto katoka na shingo ya mama imevimba inaalika. Walisema ni husuda. Ilipotea baada ya siku chache na kila mtu akaamini dawa yake ndiyo iliyofanya kazi. Nikamtafutia kwenye simu, nikakuta kwamba mkunga wa malkia wa Ufaransa, Louise Bourgeois, aliandika habari za shingo kuvimba kwa mama anayejifungua mapema karne ya 17. Unaposukuma umebana pumzi, vijumba vya pafu vinaweza kupasuka, hewa ikatambaa hadi shingoni. Mama mkwe akauliza huyo mama wa Kifaransa alizalisha wangapi. Nikamwambia wengi mno. Akasema, "Basi anajua," akachukua kikombe chake.

Siku ya sita mapovu yalikuwa yamekoma, hata nikikohoa. Picha ikaonyesha pafu limerudi ukutani. Wakanitaka nivute pumzi niishike, wakauchomoa mpira mara moja, wakabana kidonda. Nyumbani nikaenda na mbavu zangu tatu zikajiungie huko, wiki sita za kulala chali na kuogopa vichekesho. Mbavu hazifungwi plasta, kumbe. Zinaachwa. Kazi yako ni kunywa dawa ya maumivu kwa wakati, kuvuta pumzi ndefu hata kama hutaki, na kukohoa makohozi yatoke, umeshikilia mto. Walinionya pia nisipande ndege hadi waniruhusu. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, mimi chombo changu ni Fuso.

Uvimbe uliondoka kwa mpangilio wake. Macho kwanza, kisha mashavu, kisha sauti ikashuka ikarudi ya kiume, na yule mteja wa mgahawa alipopiga simu akasema, "Ah, baba umerudi, juzi kuna mtoto alikuwa anapokea simu yako." Kifua kikafuata. Shingo ya kushoto ikaisha. Mwisho kabisa pakabaki padogo tu, juu ya mtulinga wa kulia, ukubwa wa sarafu, ambapo ukibonyeza bado inaalika.

Padogo hapo mwanangu wa mwisho, wa miaka mitano, alikuwa amepafanya pake. Kila usiku kabla ya kulala anapanda mkekani, anaweka kidole, anabonyeza, anasikiliza, anacheka, anakwenda kulala. Siku ya kumi na saba tangu mnadani akabonyeza mara moja. Akabonyeza tena, akasogeza kidole huku na huku. Akaniangalia kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

"Baba, imeisha."

Akashuka, akaenda kumtafuta paka.